Kuosha na Kuchemsha Chupa ya Mtoto na Vifaa vya Kukamulia Maziwa

   Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama umekaa nje unamenya ndizi, karibu pia. Leo nawaomba hasa nyanya, shangazi na dada wanaobaki na watoto nyumbani wasogee karibu na redio, kwa sababu mazungumzo ya leo ni yao kama yalivyo ya mama mzazi.

Tutazungumza juu ya chupa ya mtoto, chuchu yake, kikombe chake, na pampu ya kukamulia maziwa. Tutaona jinsi ya kuviosha, jinsi ya kuvichemsha, na jinsi ya kuvitunza ili visimletee mtoto maradhi ya kuhara.

Kabla sijaanza kufundisha, nikusimulie habari ya familia moja. Sitataja jina wala kijiji.

Mama huyu alikuwa akichuma majani chai upande wa Nyamira. Alipojifungua alimnyonyesha mtoto wake vizuri kwa miezi mitatu, kisha ikambidi arudi kazini. Mtoto akabaki na nyanya yake, yaani mama mkwe wa huyu mama. Chupa ikanunuliwa sokoni. Kila alfajiri mama alikamua maziwa yake, akayatia kwenye chupa, akamwachia nyanya, akashika njia na kikapu chake mgongoni.

Mtoto alipofika miezi mitano, alikuwa ameletwa kwetu mara tatu kwa kuhara. Mara ya tatu alikuja amelegea, macho yameingia ndani, na utosi umebonyea. Hata kulia hakuweza, alitoa sauti ndogo tu kama ya paka mchanga. Tulimtundikia maji usiku huohuo.

Asubuhi wakaanza kulaumiana. Mama alisema, "Sista, mimi huiacha chupa ikiwa safi. Huichemsha kila Jumapili. Sijui mtoto hupewa nini nikiondoka." Nyanya alinyamaza, akatazama chini. Baadaye alisema pengine mtoto ametazamwa na jicho la mtu.

Niliuliza kama chupa ipo. Ilikuwa ndani ya kikapu, imefungwa kwa leso. Nilifungua kifuniko, nikaitoa chuchu, nikaigeuza ndani nje. Ndani kulikuwa na utando mweupe unaoteleza, na harufu ya maziwa yaliyoganda. Nyanya alipouona alishika mdomo. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mimi huisuuza kila mara. Hakuna mtu aliyenionyesha kwamba hicho kitu hugeuzwa."

Mpenzi msikilizaji, katika nyumba ile hakukuwa na mtu mbaya. Mama alichemsha, lakini alichemsha juu ya uchafu, tena mara moja kwa wiki. Nyanya alisuuza, lakini kusuuza si kuosha. Kila mmoja alifanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomleta mtoto hospitalini.

Kwa nini chupa ni hatari kuliko kikombe

Maziwa ni chakula kizuri cha mtoto. Kwa bahati mbaya, ni chakula kizuri cha viini vya maradhi pia. Mafuta ya maziwa hushika kwenye kuta za chupa na ndani ya chuchu. Viini vikipata mafuta hayo na joto kidogo, huzaana haraka. Chupa ina shingo nyembamba, ina mzingo wenye mikunjo, na ina chuchu yenye tundu dogo. Hizo zote ni pembe za kujificha. Kikombe kiko wazi. Ukikiangalia tu unajua kama ni safi au ni kichafu.

Jambo la pili ni maji yetu. Wengi wetu Gusii tunachota maji kwenye chemchemi. Maji hayo yanaweza kuonekana maangavu, lakini milima yetu imejaa nyumba, na vyoo vya shimo na mazizi ya ng'ombe viko juu ya chemchemi. Mvua ikinyesha, na hapa kwetu hunyesha sana, uchafu huteremka. Ukisuuza chupa kwa maji hayo bila kuichemsha, huenda unaipaka viini badala ya kuiondolea.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza wa kliniki haujabadilika. Mtoto apewe titi peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe. Wakenya tumejitahidi katika jambo hili. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto 32 katika kila 100 wa chini ya miezi sita ndio waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Kufikia utafiti wa 2014 walikuwa 61, na ule wa 2022 walikuwa 60. Lakini mama akirudi kazini, sokoni au shuleni, titi haliwezi kubaki nyumbani. Linalobaki ni maziwa yaliyokamuliwa, na vyombo vyake lazima viwe safi.

Hatutataja aina yoyote ya chupa wala ya maziwa ya unga. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kubadilisha ya mama na chupa za kunyonyeshea. Sisi hatuuzi chupa. Tunataka tu kwamba ikiwa tayari iko nyumbani kwako, isimdhuru mtoto.

Kwanza osha, kisha chemsha

Shika neno hili: kuchemsha hakuondoi uchafu. Utando wa maziwa ukichemshwa huganda na kushika zaidi, na viini vilivyo chini yake hupata kinga. Kwa hiyo kuosha hutangulia daima. Fuata nami hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: osha mikono yako kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama huna mfereji, tumia mtungi wenye bomba, au mkebe uliotobolewa na kutundikwa kwenye kijiti. Usioshe mikono ndani ya beseni ambalo kila mtu ametia mikono yake.

Hatua ya pili: tenganisha kila kitu. Toa kifuniko, toa mzingo, toa chuchu. Usioshe chupa ikiwa imefungwa. Fanya hivyo mara tu mtoto anapomaliza kunyonya, kabla maziwa hayajakauka. Kama huna nafasi ya kuosha wakati huo, angalau suuza kwa maji safi ili yasigande.

Hatua ya tatu: osha kwa maji ya moto na sabuni, ndani ya beseni ambalo ni la vyombo vya mtoto peke yake. Usitumie beseni la kufulia nepi wala karai la kuoshea miguu. Tumia brashi ya chupa ambayo haifanyi kazi nyingine. Sugua chini kabisa ya chupa, na sugua mahali mzingo unaposhika. Chuchu igeuze ndani nje, isugue kwa vidole, kisha irudishe na kuijaza maji ya sabuni, uyaminye yatoke kwa tundu lake. Maji yasipotoka vizuri, tundu limeziba.

Hatua ya nne: suuza kwa maji safi yanayomiminwa mpaka sabuni iishe. Inua chupa juu, itazame kwenye mwanga. Inuse. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya maziwa, rudia.

Hatua ya tano ndiyo kuchemsha. Chukua sufuria kubwa yenye mfuniko, ambayo haina mafuta wala mabaki ya chakula. Panga vyombo vyote ndani. Tia maji hadi yavifunike kabisa, na hakikisha hakuna chupa yenye hewa ndani. Mahali penye hewa hapaguswi na maji, na viini vyake hubaki hai. Kama chupa ni ya kioo, itie wakati maji yangali baridi isije ikapasuka. Funika, weka motoni. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, hapo ndipo uanze kuhesabu dakika kumi. Usihesabu tangu ulipoweka sufuria motoni.

Msikilizaji mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwa nini dakika kumi, si maji yakichemka tu yatosha?" Ni swali zuri, na kwetu milimani lina jibu lake. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu kadhaa za Nyamira zinakaribia au kupita mita 2,000. Kule Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Hapa kwetu huchemka mapema zaidi, karibu digrii 94 mjini Kisii, na pungufu kidogo huko juu. Joto hilo bado linaua viini vinavyoharisha watoto, lakini usilipunguzie muda. Mpe mtoto dakika zake kumi kamili.

Hatua ya sita: ipua, na uache vyombo ndani ya sufuria hiyohiyo, imefunikwa, mpaka utakapovihitaji. Sufuria iliyofunikwa ni kabati safi kuliko meza. Unapovitoa, osha mikono tena, tumia koleo ulilolichemsha pamoja navyo, na ushike chuchu kwenye ukingo wake, si mahali pa mdomo wa mtoto. Kama unataka vikauke, vipange juu ya kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi, mbali na vumbi, moshi na kuku. Usivipanguse kwa leso uliyojifunga, wala kwa kitambaa cha kupangusia sahani. Ukipangusa, umerudisha viini ulivyoviua.

Kuni ni ghali, tufanyeje?

Najua unachowaza. Unasema, "Sista, makaa yamepanda bei, na wewe unaniambia nichemshe kila saa." Sikiliza mpango huu ambao akina mama wengi wameuweza.

Uwe na vikombe vitatu vidogo vyenye vifuniko, au chupa tatu, badala ya moja. Jioni, ukishapika ugali na mboga, moto ungali upo. Kabla hujauzima, weka sufuria ya vyombo vya mtoto ambavyo umeviosha. Chemsha vyote kwa mara moja. Viache humo usiku kucha vikiwa vimefunikwa. Asubuhi kila kimoja hutumika mara moja tu, kisha huoshwa na kungoja jioni. Hivyo unachemsha mara moja kwa siku, na bado mtoto hatumii chombo ambacho hakijachemshwa.

Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, au ana chini ya miezi miwili, au ni mgonjwa, usilegeze kamba hata kidogo. Huyo viini vichache humwangusha.

Wengine huuliza juu ya dawa ya klorini, ile ya kutakasia nguo ambayo wengi huiita Jik. Klorini inaua viini, lakini kipimo chake hutegemea nguvu ya dawa iliyo ndani ya chupa. Ikizidi inadhuru, ikipungua haifanyi kazi. Usibahatishe kwa macho. Kama una meko na sufuria, kuchemsha ni rahisi na salama zaidi. Na ile dawa tunayotia kwenye mtungi wa maji ya kunywa imepimwa kwa ajili ya kunywa. Ni hafifu mno kwa kusafishia chupa ya mtoto.

Pampu ya kukamulia maziwa

Sasa tuje kwa akina mama wanaotumia pampu. Mwalimu, muuguzi, karani wa benki, mwenye duka pale Kisii mjini au Keroka, sikiliza.

Pampu nayo itenganishe kila kipande baada ya kila matumizi. Sehemu zote zinazoguswa na maziwa, yaani kile kikombe kinachokaa kwenye titi, vali ndogo ya mpira, na chupa ya kupokelea, zioshwe na kuchemshwa kwa hatua zilezile. Ile vali ndogo ni laini, isugue polepole kwa vidole isije ikachanika. Soma kwanza karatasi iliyokuja na pampu uone ni vipande vipi vinavyostahimili kuchemshwa.

Kama pampu ni ya umeme au ya betri, mashine yenyewe usiichemshe wala kuitia majini. Ipanguse tu kwa kitambaa safi chenye unyevu. Mipira mirefu ya hewa haipaswi kuwa na maziwa ndani. Ukiona maziwa au ukungu mweusi umeingia humo, ibadilishe.

Kuna ile pampu ya bei nafuu yenye mpira wa kubinya kama honi ya baiskeli. Hiyo nakushauri uiache. Maziwa huingia ndani ya mpira, na hakuna brashi inayofika humo. Usikubali pia kuazimwa pampu ya jirani, hata kama ni rafiki yako wa karibu.

Na kama huna pampu, usihuzunike. Mkono wako ni pampu bora, na hauna pembe za kujificha uchafu. Osha mikono, chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa, ukamue. Kama kikombe kimeoshwa vizuri lakini huna nafasi ya kukichemsha, kijaze maji yanayotokota, kiache dakika chache, mwaga, kisha ukamulie humo. Muuguzi wa kliniki yako atakuonyesha namna ya kushika titi ili maziwa yatoke bila maumivu.

Mama uliyeajiriwa, jua pia haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa kazini. Choo si mahali pa kukamulia chakula cha mtoto.

Maziwa yakishakamuliwa

Chombo safi hakitasaidia kama maziwa yamekaa kupita kiasi. Nje ya friji, mahali pa baridi na pa kivuli, maziwa ya mama yaliyokamuliwa ni salama kabisa kwa muda wa masaa manne. Yakiwa yamekamuliwa kwa usafi mkubwa, na nyumba ni baridi kama zilivyo nyumba nyingi za Nyamira asubuhi, yanaweza kufika masaa sita hadi manane, lakini usiyaweke karibu na meko wala chini ya mabati yenye joto. Kwenye friji hukaa mpaka siku nne.

Kuyapasha joto, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto kidogo. Usiyatie kwenye sufuria ukayachemsha. Mtoto akishaanza kunywa, kinachobaki kitumike ndani ya masaa mawili, baada ya hapo kimwagwe. Najua inauma kumwaga maziwa uliyokamua kwa shida. Lakini mate ya mtoto yameshaingia humo, na viini vimeanza kazi.

Kwa mtoto ambaye kwa sababu ya kidaktari anatumia maziwa ya unga, fahamu kwamba unga wenyewe hauna hakikisho la kutokuwa na viini. Chemsha maji, na yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganya, ili yawe yangali na joto la digrii 70 au zaidi. Pima unga kama ilivyoandikwa, usiupunguze ili udumu. Poza maziwa kwa kuzungusha chupa kwenye maji baridi, yajaribu kwenye kifundo cha mkono, kisha mpe mtoto mara moja. Kilichobaki mwaga. Na mama anayeishi na virusi vya ukimwi asibadilishe namna ya kumlisha mtoto kwa kusikia maneno ya watu. Aendelee na dawa zake na afuate ushauri wa kliniki yake.

Uji ndani ya chupa

Kuna desturi moja tuizungumze bila kuoneana haya. Wengine wetu tunachukua wembe, tunapanua tundu la chuchu, tunatia uji wa wimbi, tunampa mtoto alale. Uji hushika ndani ya chupa kuliko maziwa. Tundu lililokatwa halioshwi vizuri, na mtoto anaweza kupaliwa. Mtoto aliyefikisha miezi sita apewe uji mzito kwa bakuli na kijiko, akiwa amekaa. Kabla ya miezi sita hahitaji uji hata kidogo.

Na maziwa yapewe kwa kikombe. Hata mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe. Mpakate akiwa amekaa wima kidogo, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, umwache anywe mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie. Siku ya kwanza yatamwagika. Siku ya tatu utashangaa.

Dalili za hatari

Ikiwa mtoto anahara, usimwachishe titi. Mnyonyeshe zaidi. Mpe maji ya ORS kama ulivyoelekezwa kliniki, pamoja na dawa ya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne, hata kama kuhara kumekoma. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara uliyonunua dukani, na usimpeleke kukatwa fizi kwa kuambiwa ni meno.

Mpeleke hospitali bila kungoja kesho ukiona lolote kati ya haya: macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi haraka, anakataa kunyonya, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, ana homa kali, amelegea au ana degedege.

Kumbuka pia chanjo. Tangu mwaka 2014 Kenya inatoa bure chanjo ya rota, ambayo hukinga aina moja kali ya kuhara. Huanza mtoto akiwa na wiki sita. Haichukui mahali pa usafi, lakini ni ngao ya pili.

Yale yaliyotokea katika familia ile

Nilisema nitawasimulia habari ya familia moja, na sikumaliza. Mtoto alikaa wodini siku nne. Siku ya tatu nilileta beseni, sabuni na sufuria. Nilimwomba mama na nyanya waoshe pamoja, mimi nikitazama. Nyanya ndiye aliyegeuza chuchu. Aliisugua, akainusa, akaisugua tena, akasema, "Sasa hii imekubali."

Mama alimgeukia akamwambia, "Nisamehe, mama. Nilikuachia chupa, sikukuachia maarifa."

Waliporudi nyumbani waliiweka chupa kando na kuanza kutumia vikombe viwili vyenye mifuniko. Mama huchemsha jioni moto wa ugali ukiwa bado upo. Asubuhi hunyonyesha saa kumi na mbili, kisha hukamua na kuacha. Saa nne nyanya hutumia kikombe cha mwisho. Saa sita humbeba mtoto mgongoni mpaka kituo cha kupimia majani, mama humnyonyesha pale kivulini huku foleni ikisonga. Nilimwona mtoto huyo kliniki alipofika miezi tisa. Alikuwa mzito hata nikaomba nimshike kwa mikono miwili.

Mpenzi mama, usimwachie nyanya chupa peke yake. Kaa naye, muoshe pamoja mara ya kwanza, kwa heshima, si kwa kumkemea. Mwenzetu huyu alilea watoto wengi bila chupa, na hakuna aliyemfundisha kifaa hiki. Nawe nyanya, ukiona jambo hujalielewa, uliza. Kuuliza si ujinga. Na baba usikiaye, kununua sabuni, kuongeza sufuria na kuchanja kuni ni sehemu yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo ya kukumbuka

1. Titi peke yake kwa miezi sita. Kikombe ni salama kuliko chupa.
2. Tenganisha vipande vyote, geuza chuchu ndani nje, osha kwa sabuni na maji ya moto.
3. Kuosha kwanza, kuchemsha baadaye. Dakika kumi tangu maji yatokote kwa nguvu.
4. Acha vyombo ndani ya sufuria iliyofunikwa. Usipanguse kwa leso.
5. Chuchu iliyopasuka, iliyonata au iliyobadilika rangi itupe. Chupa iliyokwaruzika ndani itupe pia.
6. Maziwa yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yasingoje jioni.
7. Mfundishe kila mtu anayebaki na mtoto.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ni nani anayeosha vyombo vya mtoto nyumbani kwako? Je, umewahi kumwonyesha namna ya kuviosha? Leo ukifika nyumbani, fungua chupa, geuza chuchu, utazame ndani. Umeona nini?

Kama una swali, muulize muuguzi wa dispensari iliyo karibu nawe, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chenu. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto kila unapokwenda.

Kwa leo tumefika mwisho. Mimi ni muuguzi wenu. Mungu awalinde watoto wetu.